Eddie, shetani na santuri

Wiki hii nimeirudia "Trick or Treat" (1986) ya Charles Martin Smith, hapa hapa nyumbani Chamazi. Eddie anaonewa kila siku shuleni; anachobaki nacho ni hevi metali. Msanii anayemhusudu, Sammi Curr, anakufa kwa moto, kisha anaanza kumsemesha kupitia santuri inayochezwa kinyumenyume. Hapo kisasi kinaanza.

Utani mtamu kuliko yote: Ozzy Osbourne, ambaye mwenyewe aliandamwa kwa madai ya ushetani, anaigiza mhubiri anayeulaani muziki huo huo.

Ila mwisho unaniudhi. Mzimu unamalizwa, muziki unabaki na lawama, na ule uonevu uliomfikisha Eddie pale hakuna anayeuuliza tena.

Nafikiria singeli. Jirani zetu Mbagala wanaicheza mpaka usiku, na wakubwa wanasema ni muziki wa wahuni, basi, wamemaliza. Kijana anakimbia nini mpaka ajifiche kwenye spika? Nusu saa ya kwanza filamu inalijua jibu, halafu inaliogopa. Itazame kwa ajili ya nusu saa hiyo.