Nakala Tano, na Hakuna Iliyofaa

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, fundi mmoja wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni, alikuwa akihangaika na seva mbili za kanzidata. Ya pili ilipaswa kunakili kila kinachoingia katika ya kwanza, lakini ilikuwa imeachwa nyuma. Akaamua kufuta folda ya data ya hiyo ya pili ili aanze upya, kumbe amri ameiandika kwenye seva ya kwanza. Aliisitisha baada ya sekunde moja au mbili. Kati ya gigabaiti 300 hivi, zilibaki 4.5.

Kosa hilo linaweza kumpata yeyote aliyechoka. La kuchambua ni kilichofuata, walipokwenda kutafuta nakala rudufu. Kampuni ilikuwa na njia tano za kujikinga; tazama tatu kati yake. Seva ya pili ilikuwa tupu, kwani data zake zilikwisha kufutwa katika majaribio ya awali. Picha za diski, yaani nakala za hali yake ya wakati fulani, ambazo mtoa huduma wao aliweza kuzipiga, hazikuwa zimewashwa kwa seva za kanzidata. Na nakala ya kila siku, ile waliyoitegemea kuliko zote, haikuwepo: hifadhi yake haikuwa na kitu. Programu ya kuitengeneza ilikuwa toleo la 9.2 la PostgreSQL, mfumo wa kanzidata waliotumia, wakati kanzidata ilikuwa 9.6, basi kila siku kazi ilianza ikashindikana. Barua pepe za kutoa taarifa zilitumwa kweli, ila zilikataliwa njiani kwa kuwa hazikuwa na uthibitisho unaotakiwa.

Hapo ndipo penye uzito wa kisa chote. Mfumo ulishindwa kimya kimya, na kila mtu akauchukulia ukimya ule kuwa ni dalili ya usalama.

Walichookoka nacho ni picha ya diski ambayo fundi yuleyule aliipiga kwa mkono, takriban saa 6 kabla ya ajali, kwa ajili ya seva ya majaribio. Kazi ya kurejesha ilichukua karibu siku nzima. Yaliyoingia ndani ya saa hizo 6 yalipotea, zikiwamo akaunti mpya zipatazo 700.

Sasa tazama kompyuta ya nyumbani. Folda inayojioanisha na mtandao, ambayo wengi wetu tunaiita bakapu, inafanya kazi kama ile seva ya pili: ukifuta faili hapa, na kule inafutika. Inafaa tu ikiwa huduma hiyo hutunza matoleo ya zamani, na ikiwa unajua huyatunza kwa siku ngapi. Diski ya nje iliyochomekwa muda wote nayo ina hatari yake, maana kirusi kinachofunga mafaili ili udaiwe fidia hukifikia kila kilichounganishwa. Tena mwizi akibeba begi lenye kompyuta na diski, amebeba vyote. Flashi ni ya kubebea kazi, si ya kuhifadhia picha za harusi miaka kumi.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliieneza kanuni inayojulikana kama 3-2-1: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Kwa mtu wa kawaida ningeitekeleza hivi: mafaili yenyewe kwenye kompyuta, diski ya nje inayochomekwa mara moja kwa wiki kisha ikachomolewa, na huduma ya mtandaoni yenye matoleo ya zamani. Kama bando halitoshi kupandisha kila kitu, pandisha vyeti, tasnifu, mahesabu na picha zisizoweza kupigwa tena. Filamu zinapatikana kwingine.

Hata hivyo, GitLab walikuwa na zaidi ya hayo na bado wakakwama, kwa sababu hakuna aliyekuwa akijaribu kurejesha. Kwa hiyo wiki hii chagua faili moja unalolithamini, lirejeshe kutoka kwenye nakala yako hadi kompyuta nyingine, lifungue, ukague na tarehe yake. Likikataa kufunguka, bado una lile la asili la kunakili upya.