Daftari la Gombe

Kitabu cha Jane Goodall kiitwacho Through a Window, kilichotoka mwaka 1990, nimekisoma mara tatu. Mara mbili za kwanza nilivutwa na simulizi zake. Mara ya tatu nilitafuta jambo moja tu: ni nani hasa aliyeyaona hayo yanayosimuliwa?

Sura ya vita ndiyo moyo wa kitabu. Mwanzoni mwa 1974, huko Gombe, madume wa sokwe wa kundi la Kasakela walimvamia Godi, dume wa kundi la Kahama, wakampiga na kumwuma hadi akabaki hoi. Hakuonekana tena. Miaka michache baadaye kundi la Kahama lilikuwa limekwisha, na waliowaua walikuwa wenzao wa zamani.

Aliyeshuhudia Godi akishambuliwa ni Hilali Matama, Mtanzania. Na baada ya Mei 1975, watafiti vijana wanne walipotekwa na waasi kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kazi ya kuwafuata sokwe kila siku ilibaki mikononi mwa Watanzania. Waliandika kwa Kiswahili.

Goodall hakuwaficha, anawataja na kuwashukuru. Lawama yangu ni nyingine. Edward Wilson, katika Sociobiology ya 1975, alitaka mienendo ya wanyama ielezwe kwa faida yake katika uzazi, na sura ya mwisho akamwingiza binadamu. Mauaji ya Gombe yakaingia katika mabishano hayo. Wengine walidai ni ndizi za watafiti zilizowachochea sokwe, hadi ulinganisho wa jamii 18, uliotolewa 2014, ulipoidhoofisha hoja hiyo. Lakini yote yanasimama juu ya daftari la mtu aliyelowa umande tangu alfajiri, na daftari hilo msomaji haonyeshwi. Anapewa neno "vita" likiwa limekwisha kuiva. Je, Matama na wenzake waliandika vita, au ugomvi, au nani alimshika nani mguu, basi? Si jambo dogo, maana vita ina nia ndani yake.

Nami sina usafi wa kujivunia. Nilipokuwa chuo cha ualimu niliwaambia wanachuo kwamba etholojia, elimu hii ya kutazama mienendo ya wanyama, ni ya wageni, na sisi hatuna hata maneno yake. Mmoja wao, mwenyeji wa Kigoma, alinyoosha mkono akasema mjomba wake huandika habari za sokwe kila siku. Nilimwambia aketi, tuendelee na somo.