Saa mbili isomeke saa mbili: paneli ya Xfce

Kompyuta za mtumba za steshenari pale Makambako, au za maabara ya shule Njombe, haziombi mapambo, zinaomba wepesi. Kwa Linux ya kazini bado nachagua Xfce, eneokazi alilolianzisha Olivier Fourdan mwaka 1996. Vivuli na uwazi wa madirisha vizimwe mapema. Ni tiki moja tu. Kinachostahili muda wetu ni saa.

Makambako ni njia panda: barabara ya Songea kupitia Njombe inachepuka hapo kutoka ile ya Dar es Salaam na Tunduma, na reli ya TAZARA ina stesheni. Basi la saa 12 asubuhi kwenye skrini linasomeka 06:00, na anayechapa tiketi anapiga hesabu kichwani kutwa nzima. Kuchagua Kiswahili cha Tanzania (sw_TZ) hakumsaidii. Siku na miezi vitabadilika, saa itaendelea kuhesabiwa toka usiku wa manane.

Dawa ipo kwenye saa ya paneli yenyewe. Ina kisanduku chake cha ukanda wa saa, kisichogusa saa ya mfumo. Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC, na hesabu yetu iko saa 6 nyuma ya ile ya skrini, hivyo tunatafuta ukanda ulio saa 3 nyuma ya UTC. Andika Etc/GMT+3. Ndiyo, ni jumlisha: katika kundi la Etc alama zimegeuzwa (nani aliona hilo ni wazo zuri, sijui), na ukiandika Etc/GMT-3 utajikuta palepale Dar es Salaam.

Muundo uwe %l:%M, basi. Ukiongeza AM na PM, saa 8 mchana itadai ni AM. Tarehe pia usiiweke hapo, maana toka saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi itaonyesha jana. Iwekee saa ya pili kwenye paneli, isiyobadilishwa ukanda. Faili na risiti zinabaki na Africa/Dar_es_Salaam. Anayerudisha nyuma saa ya mfumo mzima anavuruga kumbukumbu zote za duka.

Kusambaza ni kunakili. Paneli imo kwenye xfce4-panel.xml, ndani ya ~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml, na vitufe vya programu vimo ~/.config/xfce4/panel. Vyote viwili viende /etc/skel, kwenye njia zilezile za .config, kila akaunti mpya izaliwe navyo. Kwa akaunti iliyopo, toka kwanza ndipo unakili, la sivyo xfconfd, inayoshika mipangilio kwenye kumbukumbu, itaandika ya zamani juu ya mpya.

Kwa maabara ya shule, weka nakala ya xfce4-panel.xml ndani ya /etc/xdg/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml na uongeze locked="*" unlocked="root" kwenye mstari wa channel. Wanafunzi watabadili picha ya nyuma wapendavyo, paneli hawataigusa.