Viambaza vya Quanzhou

Wasimulizi wa vyombo vya kale vya Kichina hupenda kuanza na ukubwa. Watakutajia misafara ya Zheng He, ya 1405 hadi 1433, iliyofika mpaka Malindi, kisha wabishane kama merikebu zake kuu zilipita kweli mita 120. Na wabishane. Mimi nimetekwa na chombo kidogo kuliko hizo, kilichofukuliwa mwaka 1974 katika matope ya Houzhu, bandari ya Quanzhou, mkoani Fujian. Kilizama karne ya 13 kikiwa na shehena ya miti ya manukato na pilipili manga. Sehemu ya juu imeoza. Zimebaki kama mita 24 za chini, na ufundi wenyewe umo humo.

Viambaza 12 vya mbao nene vimekatiza tumbo la chombo kutoka ubavu hadi ubavu, vikaligawa vyumba 13. Ukisikia hivyo, kazi yaonekana nyepesi. Lakini ubavu wa chombo umepinda kila mahali, na kila kiambaza kina mpindo wake. Fundi lazima achonge ukingo wa kila ubao ulale sawasawa na ubavu, kisha ubao wa pili ukae juu ya wa kwanza bila mwanya. Na chini kabisa, karibu na mkuku, anaacha tundu dogo ili maji ya ngama yatiririke na kukusanyika pa kuyachotea.

Baadaye huja kalafati. Mafundi wetu wa pwani hushindilia pamba yenye mafuta. Wa Fujian huponda chokaa na nyuzi za katani pamoja na mafuta ya mbegu za mti wa tung, wakiponda hadi mchanganyiko unavutika. Mafuta hayo hukauka yakawa magumu, wala hayayeyuki majini. Hapo ndipo mbao za kila kiambaza zinapogeuka ukuta mmoja.

Marco Polo, aliyeondokea bandari hiyo hiyo mnamo 1292, alieleza faida ya viambaza: nyangumi akigonga chombo na kukitoboa, mabaharia hutafuta chumba kinachoingiza maji, huhamishia mizigo vyumba vingine, huziba, kisha huirudisha. Alisema pia kwamba chombo kikichakaa hupigiliwa tabaka jipya la mbao juu ya lile la zamani. Wengi walimdhania mwongo kwa mengi, lakini chombo cha Houzhu kina matabaka mawili chini na matatu juu.

Vyombo vya Vasco da Gama, vilivyotia nanga Malindi mwaka 1498, vilikuwa na mataruma imara na mizinga ya kutisha, ila viambaza vya namna hiyo havikuwamo. Tundu moja lilikuwa shida ya chombo kizima.

Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza ufundi huu wa viambaza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Meli za chuma zimewanyang'anya mafundi kazi, nazo zenyewe zimegawanywa kwa viambaza! Elimu hii bado hutoka kwa fundi mkuu kwenda kwa mwanafunzi kwa mdomo na kwa mkono, na asipopatikana mtu wa kuagiza merikebu ya mbao, fundi hana pa kumfundishia.