Daftari la Vipimo

Ukitaka kumpima mtu kanzu, mwambie asimame kama anayetaka kuswali. Ndivyo alivyofanya Ami, mdogo wake marehemu baba, fundi wa kanzu pale Ngamiani, Tanga. Futikamba ikishagusa kifundo cha mguu alimwambia mteja, "Sasa piga takbira." Mtu akanyanyua mikono mpaka usawa wa masikio, Ami akatazama kwapani. "Rukuu." Mtu akainama, Ami akazunguka nyuma kutazama mgongo na pindo. Wageni walidhani ni mzaha, wakacheka. Yeye hakucheka. Kanzu ni ya kusimama, kuinama na kusujudu, alituambia, na fundi anayempima mtu akiwa wima tu amepima nguzo.

Nilikaa miguuni pake likizo nyingi za shule, nikiokota pini kwa sumaku na kumtungia uzi sindanoni macho yake yalipoanza kuchoka. Kwa hiyo kazi yake naijua kwa karibu, ijapokuwa mikono yangu haikuiweza.

Kitambaa hakikukatwa siku kilipoletwa. Bafta na popilini ya pamba alizilowesha usiku kucha katika beseni, akazianika kivulini, maana pamba hurudi, na afadhali irudi kwake kuliko kwa mwenyewe. Asubuhi akaipiga pasi ya mkaa, akaitandika juu ya meza, akaipapasa kwa kiganja kutoka upande mmoja mpaka wa pili kama anayetafuta homa kwenye paji la mtoto. Alikuwa akitafuta uzi umelalia wapi. Badani ikikatwa kinyume cha uzi, kanzu itapendeza siku ya kwanza, na baada ya kufuliwa mara tatu itajipinda upande kama mlingoti uliopigwa na kusi.

Badani ndiyo mwili wa kanzu. Ubavuni huingia taharizi, vipande virefu vinavyoanza vyembamba na kutanuka kushuka chini, ili hatua isibane. Kwapani kuna kikwapa, kipande kidogo cha pembe nne, na hicho ndicho Ami alichokuwa akikiwazia mtu alipopiga takbira. Shingoni huingia kaba kwa ndani, mikononi kuna sijafu. Majina haya yote yamo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, lakini mimi niliyasikia kwanza mdomoni mwa mtu aliyebana pini mbili kwenye midomo. Leo ukienda dukani ukauliza habari ya kikwapa, kijana atakutazama. Kanzu za viwandani zinazoshushwa kwa marobota nyingi hazina. Ni safi, ni rahisi, zinawasitiri watu wengi na sizibezi. Ila simama nyuma ya safu msikitini, imamu anapofunga swala, utazame kanzu ngapi zinapanda pamoja na mikono.

Kikwapa kina pembe nne, na kila pembe inakutana na mshono mwingine. Ukikosea kwa upana wa uzi mmoja, pembe moja inavuta na kitambaa kinakunjamana. Ami hakukitia kwa cherehani mara moja. Alikishikiza kwanza kwa mkono, kwa uzi mweusi juu ya kitambaa cheupe ili aone anachofanya, akaigeuza nguo, akatia mkono wake mwenyewe ndani na kuunyoosha juu. Akiridhika, ndipo Singer ya kukanyaga ilipoanza kuunguruma, taratibu, mshono kwa mshono, na pembeni akaacha kukanyaga kabisa, akazungusha gurudumu kwa mkono. Kisha akachomoa ule uzi mweusi wote. Kazi ya robo saa kwa kitu ambacho hakionekani ila mtu akinyanyua mkono.

Adhana ilimkuta mara nyingi katikati ya mshono. Hakusema, "Nimalizie huu." Aliiacha sindano imezama ndani ya kitambaa, mguu wa cherehani umeteremshwa, akaenda. Mafundi wote huacha hivyo, kwa kuwa sindano ikizama kitambaa hakisogei. Akirudi aliketi na kuendelea pale pale. Ninapomkumbuka, mara nyingi simwoni yeye. Naiona ile cherehani peke yake barazani, sindano imeshikilia kanzu ya mtu, mlango wazi, wala hapana aliyethubutu kugusa.

Sote tunaijua "njoo kesho" ya mafundi. Kwake haikuwapo. Baada ya tarehe 15 ya Ramadhani hakupokea kazi ya Idi, hata kwa shemeji yake, na maneno yalitoka. Alikuwa tayari kulaumiwa katikati ya mwezi kuliko kumwona mtoto asubuhi ya Idi amevaa nguo ya zamani kwa sababu ya ulimi wake. Na mabaki hakuyala. Kila kipande kilichosalia, hata cha upana wa vidole vitatu, alikifunga kwa uzi akakitia ndani ya kanzu iliyokunjwa. Ilikuwa amana.

Darizi ya shingoni haikuwa kazi yake. Ilikuwa ya mke wake, mama mdogo, aliyeketi ndani nyuma ya pazia, akitia kiboko kwa uzi wa hariri na kusokota shada. Kanzu ilipita pazia hilo mara tatu au nne kabla ya kwisha, na pamoja nayo vijineno vya watu wawili waliozeeka pamoja: "Hapa umebana." "Sijabana, wewe umekata finyu." Ami akatazama tena, na mara nyingi alikuwa amekata finyu kweli. Watoto wao wanne, wa kike watatu, walisomeshwa na kanzu hizo, na kila mmoja alijua kutia kifungo kabla ya kujua kuandika jina lake. Isha ikishaswaliwa cherehani ilifunikwa. Usiku ulikuwa wa nyumba, wa sinia moja na hesabu za shule chini ya taa.

Isipokuwa kwa kazi moja.

Kwenye rafu ya juu kulikuwa na jora la bafta lisilouzwa. Likipungua alilijaza kwa fedha yake kabla ya kununua chochote cha duka. Mlango ukigongwa usiku, hakuuliza mengi. Aliuliza nani, akasema "Inna lillahi", akashusha jora.

Sanda ya mwanamume ni vitambaa vitatu vyeupe, ya mwanamke ni vitano, na havipigwi cherehani. Mtume mwenyewe alikafiniwa katika nguo tatu nyeupe za pamba, bila kanzu wala kilemba. Ndivyo alivyosimulia Bi Aisha. Basi fundi huyu, aliyeishi kwa mshono, hapa hakuwa na mshono wa kushona. Na hata mkasi aliutumia kidogo tu: akatia jeraha la inchi moja ukingoni, akashika pande mbili, akachana. Kitambaa kikichanwa hufuata uzi wake, kinakwenda sawa kuliko mkasi wowote. Sauti yake ni kali na ndefu, na usiku wa Ngamiani ilivuka ukuta. Jirani walioamshwa nayo walijua kuna msiba kabla ya kuletewa habari. Kutoka ukingoni alichana tepe za kufungia, akazikunja pamoja na vitambaa, akaongeza kipande cha kuoshea, akatoa. Hakupokea senti. Alikuwa akitoa vivyo hivyo kwa msafiri aliyefia ugenini asiyejulikana ukoo wake, na hao ndio aliowakunjia kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa hawakuwa na wa kuwalalamikia.

Lakini jambo lililonishangaza ni hili. Hakwenda kupima maiti. Alifungua daftari.

Lilikuwa daftari la shule lililovalishwa karatasi ya kaki, na lilipojaa lilifuatwa na lingine, mpaka yakawa rundo. Jina, bega, mkono, shingo, urefu. Mtaa mzima ulikuwa humo. Uliweza kumfuata mtoto wa kiume Idi kwa Idi: inchi 31, 33, 36, kisha mwaka mmoja ameruka mpaka 42. Uliweza kuwaona wazee wakirudi, kama pamba, nusu inchi, inchi moja. Ami alitafuta jina, akasoma urefu wa mwisho, akaongeza mkono mmoja kichwani na mkono mmoja miguuni, akachana. Mtu aliyewahi kupiga takbira mbele yake alivishwa nguo yake ya mwisho kwa kipimo kile kile.

Alipofariki yeye, usiku, kijana wake alishusha jora. Tulilifungua daftari la karibuni, kisha lililotangulia, kisha yote. Jina lake halikuwamo. Tukatazamana. Mmoja akasema tukachukue kanzu yake msumarini. Ndipo sauti ya mama mdogo ikatoka nyuma ya pazia, kavu, kama ya mtu anayesoma.

"Hamsini na sita na nusu. Toka bega." Akanyamaza kidogo. "Na msikate. Chaneni."

Kijana wake akatia jeraha la inchi moja, akashika pande mbili.