Masini ya kuchonga sirkwi: tulipiga makofi mapema



Ile siku ya kuonyesha masini, mimi pia nilipiga makofi. Ilikuwa masini ndogo ya CNC, ile aina wanaita 3018 juu inachonga nafasi ya milimetri 300 kwa 180. Ilichora jina la chama chetu mu plaki ya shaba, herufi zikatoka safi, watu wakatoa telefone kupiga picha. Mbele ya kutoka, tuliombwa kila mmoja afikirie mchango wa kununua masini sawa ile. Nimefikiri. Kabla mtu hajaacha kununua mega ili atoe mchango, niko na maneno juu ya yale tuliyoonyeshwa.

Jina si sirkwi. Hii njo kasoro ya kwanza, na kwangu njo kubwa. Ukichonga jina, kisu kikaingia sana upande wa kushoto na kidogo upande wa kuume, hakuna atakayeshangaa. Herufi moja itakuwa nene kuliko ingine, basi. Lakini sirkwi ni njia za kurani. Uzi mmoja wa shaba ukibakia kati ya njia mbili, mwembamba kuliko unywele, plaki imeharibika, na pengine inaunguza na vyombo vilivyo juu yake. Jicho linaweza kuupita ule uzi. Multimetri haiupite. Ile siku hakuna mtu alileta multimetri.

Tuangalie kazi yenyewe. Mu plaki ya kawaida, shaba iko na unene wa mikroni 35. Gawanya milimetri moja mara 1000, kamata vipande 35: ni hiyo tu. (Mu Katanga yetu shaba inatoka na malori, kiisha inaturudilia mikroni 35 kwa bei ya kigeni. Lakini hiyo ni habari ya siku ingine.) Masini haiongeze kitu, inakwaruza kandokando ya kila njia ili kuitenga na shaba inayobakia. Kisu kiko na ncha ya V, na hapo njo hesabu inakuwa kali. Kamata kisu cha digri 30, chenye ncha ya milimetri 0,1. Kikiingia 0,1 ndani, mfereji unakuwa na upana wa karibu 0,15. Kikiingia 0,2, upana unafika karibu 0,21. Plaki mara nyingi imejikunja kidogo, na meza ya masini ya bei ya chini haiko sawasawa kabisa. Tofauti ya 0,2 toka kona moja mpaka ingine hauioni na macho, lakini inatosha: huku kisu kinapita hewani, kule kinakula njia nyembamba zote.

Dawa iko, na ni ya bure. Programu kama Candle ao bCNC zinaweza kupima plaki mbele ya kuchonga. Unafunga waya mmoja kwa shaba, mwingine kwa kisu. Masini inashuka polepole, ikigusa inaandika urefu, inapanda, inaenda ku nukta ingine. Ikimaliza, programu inaelekeza kisu kifuate mabonde na vilima vya plaki. Sisi tuliosoma kilimo tunaijua hii kazi: hauchimbe mfereji wa maji mbele ya kupima mwinamo wa shamba. Ni kazi ya kuchosha, haipendeze mu video. Mwonyeshaji aliiruka, akasema, « Hiyo tutaiona siku ingine. » Kumbe hiyo njo ilikuwa somo. Kuchonga, masini inajua yenyewe.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Programu alizozichagua ni nzuri, na alizieleza vizuri. Sirkwi inachorwa mu KiCad, iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras kule Ufaransa mwaka 1992. FlatCAM inageuza mchoro kuwa njia za kisu. Grbl, iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud wa Norway mwaka 2009, njo inaongoza motere. Zote ni za bure, na ukishaziweka mu ordinateri haziulize intaneti. Kwa mwanafunzi wa hapa hiyo si kitu kidogo.

Alikuwa na haki pia kusema masini inatuepusha na perkloriri, ile dawa ya kula shaba. Watu wengi wanaitumia kiisha wanaimwaga mu mtaro, na shaba yote iliyoliwa ndani yake. Kuna ua la kwetu, Haumaniastrum katangense, linaloota mahali udongo umejaa shaba na mimea mingi inashindwa. Sipendi lianze kuota nyuma ya nyumba yangu. Lakini alisema hivyo akichonga plaki ya FR4, ambayo ni nyuzi za kioo na gundi, mu chumba chenye madirisha yamefungwa, watu wakiinama juu ya vumbi bila kashnez. Vumbi ile haifae mu mapafu. Plaki ya FR1, ya karatasi, njo inafaa zaidi kwa kuchonga, na hata hiyo inaomba kashnez.

Na kurani? Ikikatika katikati ya kazi, masini nyingi za aina hii hazijui tena ziko wapi. Ukitikisa plaki, ama ukikosa alama ya mwanzo, kazi yote inaanza upya. Mahali tunaishi, batri na inverteri ni sehemu ya bei ya masini. Ile bei tuliyoambiwa haikuhesabu hiyo.

Basi nitoe mchango ao nisitoe? Kwa sirkwi za pande mbili, hapana: masini haipake shaba ndani ya matundu, utapoteza siku ukisude waya huku na huku. Kwa sirkwi za upande mmoja, za njia nene za milimetri moja, ndiyo, na njo hizo tunahitaji. Kapteri ya unyevu wa udongo, Arduino Nano, rele, pompi ndogo ya kunywesha miche: haiombe zaidi.

Kwa hiyo ninaomba siku ya pili ya kuonyesha, mbele ya mchango. Wachonge ile plaki, si jina. Wapime meza mbele yetu, hata ikikamata saa nzima. Kiisha waisude, waifunge na kapteri ndani ya ndoo ya udongo mkavu, tuone kama maji yatatoka. Ndoo na pompi, mimi nitaleta.