Istilahi ya "Ukabaila" na Mwenye Kibanja wa Buganda: Uhakiki kwa Kuangazia Kansanga

Makala haya yanahakiki matumizi ya istilahi "ukabaila" katika kueleza mahusiano ya ardhi Buganda. Kwa asili, kabaila ni mtu wa nasaba na cheo. Katika uandishi wa historia, hata hivyo, istilahi hii hubeba mfumo wa Ulaya ya Zama za Kati: bwana mwenye ardhi, na mkulima asiyeruhusiwa kuiacha bila idhini yake. Nchini Urusi kifungo hicho kilidumu hadi mwaka 1861.

Picha hiyo haimwelezi mkopi, yaani mkulima wa kawaida wa Buganda. Kabla ya ukoloni, mkopi alilima chini ya chifu na kumtolea mazao, pombe na nguvu zake. Alipodhulumiwa, aliweza kuhamia kwa chifu mwingine. Desturi hiyo huitwa kusenga. Ukubwa wa chifu ulipimwa kwa watu wake, hivyo kukimbiwa kulimshushia hadhi. Kuhama, ambako Ulaya kulikuwa kosa, Buganda kulikuwa silaha ya mnyonge.

Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900 uliibutua silaha hiyo. Ulitenga maili za mraba 8,000 kwa machifu na wenye ardhi binafsi 1,000, na ardhi hiyo ikaitwa mailo. Ardhi ikawa mali ya kurithiwa na kuuzwa, na mkulima akajikuta mpangaji mahali alipozika wazee wake. Pamba ilipoleta fedha, tozo za busuulu na envujjo zikapanda. Sheria ya mwaka 1928 iliziwekea mipaka na kukataza kumwondoa mkulima bila amri ya mahakama. Sheria hiyo haikumfunga kwenye ardhi; ilimlinda asing'olewe.

Tofauti hiyo ina uzito hadi leo. Kansanga, katika Kyadondo, sasa ni sehemu ya jiji la Kampala. Chuo kikuu, mabweni ya wanafunzi na biashara za Barabara ya Ggaba vimeipa ardhi thamani ambayo migomba haikuwahi kuipa. Katika mazingira ya namna hii, mwenye kibanja haogopi kuzuiwa kuondoka, anaogopa kuondolewa. Mshauri wa sera anayemtazama kama mtwana ataona fidia na kuhamishwa kuwa ukombozi, ilhali kwa mhusika huko ndiko kupoteza.

Ni kweli kwamba "ukabaila" hufichua unyonyaji ambao lugha ya sheria huufunika. Kasoro yake ni kuuonyesha unyonyaji huo upande usio wake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho ya mwaka 2010, inaruhusu kumwondoa mkaaji halali kwa kutolipa kodi ya ardhi tu, tena kwa amri ya mahakama. Ulinzi huo hauna nguvu iwapo mkaaji haujui au hawezi kumudu kesi.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005. Sheria za ardhi zitakapoandikwa kwa Kiswahili, yapasa zihifadhi maneno "mailo", "kibanja" na "busuulu", kwa kuwa ndiyo yanayobeba haki zinazobishaniwa. "Ukabaila" ubaki istilahi ya ulinganishi, usiwe msingi wa sera.